Vitabu Visivyopandisha Presha

Daktari alikifungua kile kitambaa cha kupimia presha mkononi mwa mama, akaangalia namba, kisha akakifunga upya kana kwamba kosa lilikuwa la kitambaa. Mara ya pili namba zikaja mbaya zaidi. Hapo akaacha kumwangalia mama, akaniangalia mimi. Nikajua mambo yameharibika. Watu wazima wakianza kumweleza mtoto habari za mzazi wake, ujue mzazi ameshafeli mtihani.

"Huyu mama anafanya kazi gani?" akaniuliza.

"Anauza sidiria."

Mama akanifinya paja. Yeye akiulizwa husema anauza nguo, basi. Lakini ukipita soko la mitumba hapa Busia, upande wetu wa Uganda, utaziona zimening'inia kwenye kamba kama popo wa rangi zote, na chini yake mama amesimama anaita wateja kwa sauti inayofika Kenya bila paspoti. Mama hakai. Nimeishi naye miaka kumi na saba na sijawahi kumwona amemaliza kikombe cha chai akiwa kwenye kiti. Asubuhi huvuka kwenda upande wa pili, kwao alikozaliwa, kuchagua balo la mitumba. Anarudi, anapanga, anauza, anagombana na mama wa meza ya kulia, wanapatana, anahamia kwa wa nyuma.

"Sikiliza," daktari akaniambia. "Dawa nitampa. Lakini dawa peke yake haiwezi. Huyu nataka wiki mbili ya kukaa. Hakuna kubeba, hakuna kukimbia, hakuna kugombana na watu."

"Nisigombane na watu?" mama akasema. "Sasa nitaongea nao nini?"

Daktari hakucheka. Mimi nilianza kucheka nikaacha katikati. Wiki sita kabla ya siku hiyo, mama wa meza ya kushoto alianguka palepale sokoni kwa presha. Hakufa. Ila mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelala, na binti yake, ambaye tulikuwa tunakimbizana naye shule ya msingi, ameacha masomo ili amlishe uji. Nilikwenda kuwasalimia siku moja nikiwa na utani wangu wote mfukoni, nikarudi nao wote, sikutoa hata mmoja. Kwa hiyo daktari aliposema "la sivyo" na kuiacha sentensi hapo, hakukuwa na haja ya kuimaliza.

Baba yangu huendesha lori kutoka Mombasa mpaka Juba. Nyumbani tunamjua zaidi kwa sauti.

"Mpeleke kwa mdogo wake kule kisiwani," akasema kwenye simu, injini ikikohoa nyuma yake. "Kule hakuna soko, hakuna mpaka, hakuna mtu wa kugombana naye. Atafanya nini zaidi ya kukaa?"

"Atakaa akifanya nini?"

"Wewe si unasoma huko Tororo mpaka unavaa miwani? Mtafutie vitabu. Mtu akiwa na kitabu anakaa."

"Na asipokaa?"

"Mfanye akae."

Simu ikakatika. Simu ya baba ina tabia ya kukatika palepale swali linapokuwa gumu. Nadhani ni mambo ya mtandao.

Basi ndiyo hivyo nikapewa kazi ya kumchagulia mama vitabu vya likizo. Nimewahi kuona picha za watu wanaokwenda likizo kwenye visiwa vya joto. Mtu amejilaza mchangani, tumbo juu, kitabu kimemfunika uso, pembeni pana glasi yenye kijimwavuli. Kisiwa cha mama mdogo kina karibu kila kitu cha picha hiyo. Ziwa lipo mpaka macho yachoke. Mchanga upo, jua lipo. Kuna na dagaa waliotandazwa kwenye nyavu kuanzia mlangoni mpaka majini, sisi tunawaita mukene, na harufu yao ndiyo kitu ambacho picha haiwezi kukupa. Glasi ya kijimwavuli sijaiona, ila mama mdogo ana mwavuli.

Likizo ya shule ilikuwa imeshaanza. Kwenye sanduku langu nilikuwa na vitabu vitatu vya maktaba, ambavyo mwalimu alituazima baada ya kutuapisha kwamba havitarudi na alama za mafuta. Vilikuwa vya masomo tu. Nikaona hivyo si vya likizo, nikavisukuma chini ya kitanda, nikavuka mpaka kwenda kutafuta hadithi. Mama alisoma Kenya mpaka darasa la nane, Kiswahili anakisoma vizuri, ila anasema macho yake siku hizi yanagombana na herufi ndogo, kwa hiyo msomaji ningekuwa mimi. Upande wa Kenya, karibu na stendi, kuna kijana anayetandika vitabu vya zamani juu ya gunia. Vingi ni vya wanafunzi waliomaliza mitihani na kuvikimbia. Pembeni mwa kurasa wameandika kwa penseli: sifa za mhusika, dhamira, na mahali pengine, nisaidieni.

Nikachagua riwaya ya mapenzi, moja ya upelelezi, na kijitabu cha dini juu ya subira. Halafu nikapata wazo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la akili au la wazimu. Baba alikuwa ametutumia mashine ya presha kupitia dereva mwenzake. Nikasema, kila kitabu kipimwe nyumbani kabla ya safari. Nitampima mama, nitamsomea, nitampima tena. Kikimpandisha, hakisafiri.

Tukaanza na mapenzi. Nikamkalisha kwenye kochi, nikamfunga kitambaa. Mia sitini na tano. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Msichana mrembo ameachwa na mchumba aliyekwenda ng'ambo, naye amekaa dirishani akimngoja.

"Amengoja miaka mingapi?" mama akauliza.

"Saba."

"Akifanya nini?"

"Akingoja. Anaangalia barabara."

"Nani anampikia?"

"Kitabu hakijasema."

"Na hilo dirisha ni la nyumba ya nani?"

"Ya baba yake."

"Yaani baba mtu anapita pale kila siku, anaona mtu mzima amekaa dirishani miaka saba, hata maharage ya kuchambua hampi?" Mama alikuwa ameshasimama, waya wa mashine ukimning'inia mkononi. "Nisomee tena hapo. Hapana, usinisomee. Mpigie simu huyo mwandishi!"

Mia sabini na nane.

Kesho yake tukaenda na upelelezi. Nilidhani huku hakuna mtu wa kumkera, maana mtu mwenyewe anauawa mapema. Sikujua kwamba anayeuawa ni mwenye duka. Alisikia kishindo nje, akatoka kwenda kuangalia, duka akaliacha wazi.

"Funga mlango!" mama akapiga ukelele. "Wewe! Funga mlango kwanza!"

Majirani wawili wakaja mbio wakidhani tumeingiliwa na mwizi. Mama akawaeleza habari yote, tena vizuri kuliko mwandishi alivyoieleza, na wote watatu wakaanza kumtukana marehemu. Mia themanini na tatu. Jirani mmoja akataka naye apimwe.

Kwenye subira nilikuwa na matumaini makubwa. Kijitabu chembamba, maneno makubwa, jalada lina maua. Nilifika ukurasa wa tatu.

"Huyu aliyeandika ana watoto?"

"Sijui, mama."

"Hana. Mtu mwenye watoto hawezi kuandika hivi. Hebu soma tena pale anaposema nipumue mara kumi."

Nikasoma.

"Nikipumua mara kumi mteja ameshaondoka!"

Mia tisini na moja. Nikafunga kitabu. Nilikuwa nacheka, kwa sababu mimi nikiogopa nacheka, ni ugonjwa. Siku tatu, vitabu vitatu, na nilikuwa nimekaribia kumuua mama yangu kwa fasihi. Daktari alisema asigombane na watu. Hakusema kwamba mama anaweza kugombana na watu ambao hawapo.

Siku ya nne sikuwa na cha kusoma, nikavuta kitabu kilichokuwa karibu chini ya kitanda. Kilikuwa cha jiografia, sura ya udongo. Nikamsomea kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama sisi wote tunavyosoma darasani saa nane mchana baada ya posho, yaani ugali, na maharage. Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo. Udongo wa kichanga una chembe kubwa. Udongo wa tifutifu una mchanganyiko wa chembe.

Nikasikia kitu. Mama alikuwa anakoroma.

Nikampima akiwa amelala. Mia arobaini na nane! Nikabusu kitabu cha serikali kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani.

Sasa nilijua ninachotafuta. Nikavuka tena, mbio, mpaka kwa kijana wa gunia.

"Siz, umerudi!" akasema. "Ile ya mapenzi ilikutoa machozi, sindio? Nimekuwekea ingine kali."

"Sitaki kali. Nataka kitabu kibaya."

"Kibaya aje? Cha wachawi?"

"Hapana. Kisichovutia. Mtu akikishika, asitake kujua mbele kuna nini."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia noti ya uongo. "Nimeuza vitabu tangu nimalize shule. Hakuna mtu amewahi niuliza hiyo kitu."

"Ninyi wauzaji hamjui soko."

Akaingia kazini. Ukweli ni kwamba alikuwa navyo vingi, vya chini kabisa kwenye gunia, vilivyobanwa mpaka vimekuwa kama matofali. Tukavifungua kimoja kimoja. Anasoma sentensi, mimi nasikiliza nimefumba macho. Nikihisi kope zinazama, tunaweka kulia. Nikitaka kuuliza "kwa nini", tunatupa kushoto. Historia ya reli ilianguka kwa sababu ya simba. Kitabu cha ushirika wa wakulima kilipita bila kupingwa. Kile cha ufugaji wa nyuki tulibishana.

"Hii iko sawa," akasema. "Sikia: mzinga uwekwe mahali pakavu, penye kivuli, mbali na makazi ya watu. Mimi mwenyewe naskia usingizi."

"Lakini nyuki wanauma. Pana ugomvi hapo."

"Imesema wanauma pole pole."

Nilikwenda nacho kwa majaribio. Mama aliuliza swali moja tu, asali ya huko inauzwa wapi, na kabla sijamjibu akawa amelala. Kikapita.

Mpaka mwisho wa wiki nilikuwa na vitabu tisa, na nakuapia hakuna maktaba duniani iliyowahi kuchaguliwa kwa uangalifu kama ile. Udongo. Nyuki. Ushirika. Utunzaji wa mashine za kushonea. Hotuba za uzinduzi wa mabwawa. Nilivipanga mezani kwa utaratibu wa namba za presha, cha kushusha zaidi kikiwa juu, nikampigia baba nikajigamba. Baba akasema nitakuwa daktari. Nikasema nitakuwa daktari wa kwanza kuandikia wagonjwa udongo.

Na mama, jambo la ajabu, alikuwa mtulivu. Hakubisha habari ya safari hata kidogo. Balo lake alimwachia rafiki yake wa soko. Aliponiona nataka kuvipakia vitabu, akanisogeza kwa kiuno.

"Wacha nipange mwenyewe. Wewe hujui kupanga."

Ni kweli sijui kupanga. Nikaenda kulala nikiwa na furaha. Hapo ndipo nilipokosea, na sijali mtu aniambie nini, mtoto wa Busia ambaye anamwona mfanyabiashara amekubali jambo bila kubishana na bado anakwenda kulala kwa furaha, huyo amejitakia.

Tulifika Majanji asubuhi, kwenye gati la samaki. Boti ya kisiwani ilikuwa imeshakaa majini, watu wanapanda. Kijana wa kubeba mizigo akaja kuchukua lile sanduku letu. Nikamwonya.

"Taratibu, kaka. Ni vitabu. Vizito hivyo."

Akaliinua kwa mkono mmoja. Akaliangalia. Akalichezesha juu chini kwa kidole kimoja cha mkono uleule, watu wanaona.

"Dada, hii vitabu iko ya hewa?"

Nikamwangalia mama. Mama alikuwa anaangalia ndege wa majini, yeye ambaye katika maisha yake yote hajawahi kupendezwa na ndege ambaye hajapikwa.

Nikapiga magoti mchangani nikafungua zipu. Juu kabisa vitabu viwili, vimelazwa vizuri, udongo na nyuki. Chini yake sidiria. Sidiria mpaka chini. Zimeingizwa moja ndani ya nyingine kama vikombe vya kahawa, kwa saizi, kwa rangi, kazi safi kabisa. Kwa kuwa zilikuwa zimebanwa, nilipofungua zikapumua, zikaanza kutoka zenyewe. Wavuvi wakapiga miluzi. Kijana wa mizigo akavua kofia kwa heshima.

"Mama."

"Nini?"

"Vitabu viko wapi?"

"Hivyo hapo."

"Vingine saba!"

"Viko salama. Chini ya kitanda chako." Akapiga magoti upande wa pili wa sanduku, akaanza kuzirudisha ndani, haraka haraka, kwa ustadi. "Wanawake wa kule kisiwani wananipigia simu tangu Pasaka. Watu wa boti huwapelekea zile mbovu, zimelegea. Nitauza nikiwa nimekaa, kwani shida iko wapi? Nitakaa kwa mkeka wa mdogo wangu, wao watakuja."

"Daktari alisema..."

"Daktari alisema nikae."

"Alisema upumzike!"

Nilipiga kelele. Mimi sipigi kelele, mimi napiga utani, na watu wote wa gati wakageuka. Mama naye akaacha kupanga. Alishika sidiria moja nyeusi mkononi bila kuiangalia, akaongea polepole, sauti ambayo siijui.

"Yule mwenzangu wa meza ya kushoto. Unajua alikuwa anafanya nini wakati anaanguka? Alikuwa amekaa. Siku nzima alilalamika miguu, nikamwambia mimi mwenyewe, mimi kwa mdomo wangu, kaa basi, dada, kaa upumzike. Akakaa. Akaomba muhindi wa kuchoma. Aliumega mara mbili tu." Akaiweka ile sidiria ndani, akafunga zipu. "Mimi nikiwa nimesimama najua niko wapi."

Nilikuwa nimechagua vitabu tisa vilivyopimwa kwa mashine, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na jibu la hilo. Mwenye boti akatuita kwamba anaondoka na yeyote aliye ndani. Ningeweza kumrudisha nyumbani, lakini nyumbani ni sokoni. Ningeweza kulitupa sanduku majini, lakini angelifuata. Nikampa mkono akapanda. Kabla hatujamaliza kufunga yale makoti ya kuelea, alikuwa ameshamuuliza mama wa kiti cha mbele anavaa saizi gani.

Kule kisiwani alitimiza neno lake kwa namna yake. Alikaa kwenye mkeka mbele ya nyumba ya mama mdogo kwa muda wa kama wimbo mmoja. Halafu mteja akasema inabana, mama akasimama amwonyeshe. Mwingine akasema rangi si hiyo, mama akaingia ndani akatoka. Kufikia jioni ya siku ya pili alikuwa ameshagombana na wanawake watatu na kupatana na wote, na wanamwita dada. Nilitaka kumpima, mashine haikuwaka. Mama mdogo alikuwa ametoa betri zake akaweka kwenye redio, asikie matangazo ya vifo.

"Kwani ulikuwa unazitumia?" akaniuliza, kwa upole kabisa.

Siku ya tatu asubuhi mama aliangusha kikombe. Chai ikamwagika mkekani. Akakiokota kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto akauficha chini ya leso.

"Nini hicho?"

"Ganzi tu."

"Tangu lini?"

Akapangusa chai mkekani. Nikauliza tena.

"Tangu kabla ya daktari. Inakuja, inakwenda. Usimwambie baba yako, anaendesha gari."

Tulitembea mpaka zahanati ya upande wa pili wa kisiwa, yeye mbele, mimi nyuma nikiangalia miguu yake kama inakwenda sawa. Muuguzi alikuwa mama mpole, mnene, akampima, akauma mdomo. Akamwongezea vidonge. Akasema ganzi ikizidi, au ulimi ukiwa mzito, tusingoje, tukodi boti saa hiyohiyo. Kisha akasema lile neno, lilelile, kana kwamba wamelisoma wote kwenye ubao mmoja: apumzike. Nilitaka kumuuliza, inafanywaje? Nieleze kwa hatua. Anza na hatua ya kwanza. Lakini nyuma yetu walikuwa wamepanga foleni wenye malaria.

Siku ya nne, baada ya kula, mama alijilaza ndani kwenye mkeka. Mwenyewe, bila kuambiwa. Nikaogopa kuliko alipokuwa akikimbia.

"Nisomee," akasema.

"Udongo?"

"Udongo unaniudhi. Umejigawa sana. Nyuki."

Nikafungua mahali tulipoachia. Mzinga ukaguliwe kila baada ya wiki mbili. Mkaguzi asimame nyuma ya mzinga, asiwe mbele ya mlango wa nyuki. Macho yake yakafumba. Nikasoma kurasa nne, koo likakauka, nikanyamaza nimeze mate. Macho yakafunguka.

"Mbona umenyamaza?"

Nikaendelea. Yakafumba. Baadaye nikajaribu tena, nikakata sauti taratibu kama mtu anayezima redio. Akashtuka, mkono mmoja ukatafuta sakafu ajisukume ainuke. Nikaelewa. Sauti ikiwepo anajua yuko wapi. Ikikatika, anasimama.

Kwa hiyo nikasoma. Nikasoma magonjwa ya nyuki, nikasoma maua wanayoyapenda, nikasoma jinsi ya kuchuja asali kwa kitambaa safi. Nikafika kwenye orodha ya vifaa: glavu, bomba la moshi, brashi, ndoo yenye mfuniko. Nikaisoma mara mbili. Nikasoma jina la kiwanda cha uchapaji na anwani yake ya posta. Nikageuza, jalada la nyuma lilikuwa jeupe, na mtu ameandika kwa penseli, nisaidieni. Sijui kwenye kitabu cha nyuki mtu alikuwa anaomba asaidiwe nini. Mama alikuwa anapumua kwa mdomo, kwa mara ya kwanza nikauona uso wake ukiwa haujashika kitu.

"Sura ya kumi na mbili," nikasema, kwa sauti ileile iliyonyooka. "Nyuki wa mpakani."

Hakukuwa na sura ya kumi na mbili.

"Nyuki wa mpakani huamka mapema kuliko wengine. Huvuka upande wa pili kuchagua maua, kisha hurudi. Nyuki hawa hawakai. Mfugaji asiwalazimishe kukaa, kwa maana watamuuma, tena si pole pole. Mfugaji aweke kivuli, aweke maji, angoje."

Kivuli kikaingia mlangoni. Mwanamke mmoja amesimama, sidiria ya rangi ya maziwa mkononi, amekuja kubadilisha saizi. Nikaweka kidole mdomoni, huku mdomo wenyewe unaendelea kuongea. Akamwangalia mama. Akaniangalia mimi. Akavua ndara zake, akakaa kwenye kizingiti, sidiria mapajani.

"Mfugaji mwenyewe bado yuko shule," nikasema. "Mfugaji hajui kupika uji wa mgonjwa. Uji wake huwa na mabonge, nyumba nzima inajua. Mfugaji alidhani akichagua vizuri, akapima vizuri, itatosha. Kitabu hiki kinamshauri mfugaji asiogope. Lakini hakimwelezi afanyeje asiogope, kwa hiyo ni kitabu kibaya, arudishiwe aliyekiuza."

Sauti ikaanza kunivunjika, nikaikaza. Iwe bapa. Kama darasani.

"Mama wa mfugaji anaombwa asiondoke. Anaombwa kwa heshima. Mzinga uwekwe mahali pakavu."

Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa wazi juu ya mkeka. Nilitaka kuvigusa nione kama vinahisi, lakini angeamka. Maneno yakaniishia. Nilipekua kichwa changu chote, kichwa ambacho mwalimu wa zamu wa Tororo amekipiga marufuku kuongea wakati wa kula, kikawa kitupu. Nikanyamaza. Kope za mama zikacheza.

Kutoka kizingitini yule mwanamke akanipungia mkono, haraka, kama mtu anayepepea moto unaotaka kuzimika.

"Endelea," akanong'ona.

Nikafungua kitabu tena, ukurasa wowote, nikayaangalia maandishi bila kuyaona, nikaendelea.